Sahihi ya Jumatatu Ambayo Haijafika

14 Machi 1986

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ya Januari ilifika, nikaisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili Mama asikie, maana miwani yake imevunjika sikio moja na kuitengeneza hataki. Magoti yake ni yale yale: asubuhi yanagoma, mchana yanakubali. Cherehani haijapumzika. Anasema wifi yake amekonda kwenye picha uliyotuma, umwambie ukweli kama unakula au unakunywa chai tu.

Mimi mzima. Sasa ni mwezi wa tano tangu wanifanye msimamizi wa zamu ya asubuhi hapa bohari ya vitabu. Usicheke. Nina meza, nina kalamu mbili, nina madaftari ya kutia sahihi mpaka mkono unakufa ganzi.

Jumanne tumecheka mpaka mbavu zikauma. Nilikwisha kukusimulia habari za Mzee Kamusi, mtunza rafu wetu, yule ambaye ukimtajia kitabu chochote cha shule anakuambia kiko rafu ya ngapi na jalada lake rangi gani, bila kuangalia popote. Basi alikuwa anateremka ngazi na katoni begani. Alikuwa amebakiza vipandio vinne tu, ngazi ikateleza chini yake kama sabuni. Yeye huyo chini, kichwa kikagonga ubao wa rafu, ngo! Sote tukakimbilia. Tukamkuta ameketi kati ya vitabu anafuta vumbi kwenye kofia. Akasema, “Hamjambo? Nimeteremka kwa njia ya mkato.” Hata damu hakutoka. Akarudi kazini. Tangu siku ile kila akipita tunamwita Njia ya Mkato.

Niandikie upesi. Mama anakusalimu tena.

Mimi mtoto wa kaka yako

*

TELEGRAMU
25 Machi 1986

MZEE ALIYEANGUKA APELEKWE HOSPITALI LEO LEO. KICHWA. USIMSIKILIZE AKIKATAA. SHANGAZI.

*

29 Machi 1986

Shangazi,

Shikamoo. Mama hajambo. Salamu ni hizo tu kwa leo, nisamehe.

Tarishi aliposimama mlangoni mwa bohari na karatasi ile mkononi, niliangusha kalamu. Nilijua umekufa. Nikaifungua, nikaisoma, nikaisoma tena, sikuelewa. Mzee Kamusi? Mbona yuko pale anafunga vitabu? Nikaenda kumtazama, Shangazi, na ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili za kumcheka.

Mguu mmoja alikuwa amevaa kiatu, wa pili ndala. Hajui. Lebo alizokuwa anabandika zilikuwa zimepinduka kichwa chini, zote. Wenzangu wakasema, “Ah, ndiyo uzee huo, tangu juzi kila kitu anasahau.” Nikamuuliza, “Mzee, kichwa kinauma?” Akasema, “Kinauma kidogo tu, tangu ile siku ya njia ya mkato.” Nikamwambia twende hospitali. Akakataa. Nikamshika mkono nikamvuta mbele ya watu, mtu mwenye umri wa baba yangu.

Daktari alimmulika macho kwa tochi. Kisha akamwambia anyooshe mikono yote miwili mbele na afumbe macho. Mkono wa kulia ukabaki hewani. Wa kushoto ukaanza kushuka wenyewe taratibu, na mzee hana habari, anatabasamu. Daktari hakuniuliza kitu kingine. Alipiga kelele kuita machela.

Jumatano asubuhi walimtoboa fuvu matundu mawili. Muuguzi aliniambia damu iliyotoka ilikuwa nyeusi kama mafuta machafu ya gari. Ilikuwa imejikusanya humo tone kwa tone siku zote hizo sisi tukicheka. Daktari alisema, “Mngengoja mpaka Ijumaa, mngekuja na jeneza.”

Yu hai. Amenitambua jana.

Shangazi, uko mbali siku kumi za posta, mtu huyu hujamwona hata kwa picha. Ulijuaje?

Mimi mtoto wako

*

10 Aprili 1986

Mwanangu,

Marahaba. Nashukuru mzee yu hai. Mwambie Mama yako ninakula. Paa la jikoni linavuja, redio yangu imekuwa kiziwi, hupokea stesheni moja tu na hiyo ni ya mahubiri. Wodini tumejaa mpaka veranda.

Unaniuliza nilijuaje. Mimi nesi wa wodi ya mifupa, miaka ishirini sasa. Hilo likutoshe.

Nitakuambia nililoliona huku. Walioanguka kutoka ghorofani ni wachache kwangu. Wengi ni wa vipandio vitatu, vinne. Aliye juu kabisa anaogopa, kwa hiyo anashika. Aliye chini anajiona amekwisha kufika, anaachia mikono, anatazama pembeni, anajibu mtu anayemwita. Na akianguka anaona haya, anacheka, nanyi mnacheka naye. Usicheke tena na mtu aliyegonga kichwa. Mkalishe, mtazame, mpeleke.

Sasa na mimi nina maswali, nayo ni manne. Miguu ya ngazi ilikuwa na hali gani? Mzee alikuwa ameshikaje, ikiwa katoni ilikuwa begani? Nani alikuwa ameshika ngazi chini? Na nani aliikagua mara ya mwisho, na lini?

Jibu yote. Najua mahali pa kazi pakipata ajali kinachofuata. Kila mtu anatafuta wa kumbebesha, na aliyelala kitandani hana wa kumsemea.

Shangazi yako

*

26 Aprili 1986

Shangazi,

Shikamoo. Mama hajambo, amepata kushona sare za shule nzima, nyumba imejaa vitambaa vya bluu mpaka kwenye sufuria. Anasema redio kiziwi ipigwe kofi ubavuni.

Mzee Kamusi amerudi nyumbani kwake. Nilikwenda kumwona Jumapili. Anatembea, anakula. Nilimpelekea kitabu cha hesabu cha darasa la tano, kile cha jalada la kijani, nikidhani nitamfurahisha. Akakigeuza mikononi muda mrefu. Akaniuliza, “Hiki kinaitwaje?” Nilitoka nje nikajifanya napiga chafya.

Nakujibu. Miguu ya ngazi: kila mguu unapaswa kuwa na kiatu cha mpira. Mmoja haukuwa nacho. Mtu alikuwa ameufunga kipande cha gunia, na sakafu yetu ni saruji laini. Kushika: mkono mmoja katoni, mkono mmoja ngazi, yaani kila alipohamisha mkono hakuwa ameshika kitu. Ndivyo sote tunavyofanya, maana kamba ya kuteremshia katoni ilikatika mwaka jana. Wa kushika chini: mpakizi mmoja alikuwa ameishika, Mkuu wa bohari akampigia mluzi aje kwenye lori, akaiachia akaenda.

Mkuu anasema kosa ni la mzee mwenyewe. Ati alipanda bila mtu, ati ngazi ilikuwa nzima. Kamati ya uchunguzi itakaa tarehe 13 Juni. Ikisema ni uzembe wake, atafukuzwa. Ile ngazi ilikatwa kuni siku ya pili baada ya mzee kupasuliwa. Nilifika asubuhi nikaikuta vipande.

Hilo la nne nitakuandikia siku nyingine. Lori limefika, lazima nikalipokee.

Mtoto wako

*

8 Mei 1986

Mwanangu,

Nilikuuliza manne, nimepata matatu. Lori gani hilo lisilokwisha kushushwa?

Msalimu Mama yako. Nimeipiga redio kofi, sasa haisemi kabisa.

Shangazi yako

*

19 Mei 1986

Shangazi,

Shikamoo. Nimeichana barua hii mara tatu.

Aliyepaswa kukagua ngazi ni mimi. Kila Jumatatu asubuhi, kabla mtu hajapanda, msimamizi wa zamu azitazame ngazi zote nne: miguu, vipandio, misumari. Kisha atie sahihi kwenye daftari. Nilipokabidhiwa cheo nilizikagua wiki mbili za mwanzo, kwa bidii kama bibi harusi jikoni. Halafu kazi ikawa nyingi. Nikaona, ngazi ni ngazi, jana ilikuwa nzima, leo itakuwaje mbovu? Nikawa natia sahihi bila kwenda kutazama. Halafu nikaona hata hilo linanichosha, nikawa tarehe mosi natia sahihi za mwezi mzima kwa mkupuo mmoja. Kale kagunia mguuni, Shangazi, sijui kamekaa pale siku ngapi. Sikuwahi kukaona mpaka siku mzee alipoanguka.

Tarehe 27 Machi, siku ya pili baada ya mzee kupasuliwa, Mkuu aliniita ofisini. Daftari liko wazi mezani. Akaweka kidole kwenye ukurasa. Tarehe tatu sahihi yangu, tarehe kumi sahihi yangu, kumi na saba, ishirini na nne. Na chini yake Jumatatu tarehe thelathini na moja, “Ngazi zote salama,” na sahihi yangu ninayoijua. Ilikuwa Alhamisi. Jumatatu hiyo ilikuwa haijafika duniani.

Nilidhani atanifukuza papo hapo. Badala yake alicheka kwa upole, akasema, “Binti, umetuokoa. Maandishi haya yanasema ngazi ilikuwa nzima. Hii ya thelathini na moja tutasubiri ifike, basi.” Karani wake alipoingia na faili, Mkuu akalifungia daftari kabatini mbele yake na ufunguo akautia mfukoni.

Kwa hiyo yule mzee atafukuzwa kwa sahihi yangu. Nikisema kweli, nimefukuzwa mimi, na Mama ananitegemea. Nikinyamaza, kila Jumatatu ninapotia sahihi nasikia ile ngo! ya kichwa.

Nimesema langu lote. Bado na wewe, Shangazi. Telegramu haitumwi kwa sababu mtu ni nesi. Manesi wako wengi. Ulijuaje?

Mtoto wako

*

30 Mei 1986

Mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako nimesimama, kwenye korido, na koti la kazi mwilini. Sikuamini ni wewe. Nimewafunga plasta watu kwa miaka mingi nikijiuliza hawa wanaosaini bila kuangalia wana sura gani. Kumbe wana sura ya kaka yangu.

Usiniandikie tena kuuliza ufanye nini. Unajua. Nenda kwa mzee kwanza, kabla ya kamati. Asisikie kwa watu.

Sasa langu. Kaa chini.

Baba yako hakuugua. Tulikuambia aliumwa kichwa ghafla akafa, ukiwa na miaka minne, na hilo la kichwa ni kweli, ila tulikuibia mwanzo wake. Alikuwa mpaka rangi, hilo unalijua. Siku ile alikuwa anapaka veranda ya shule. Ngazi aliisimamisha wima mno, karibu na ukuta kama mtu anayenong'ona nao, kisha akajinyoosha pembeni kufikia kona badala ya kushuka na kuisogeza. Akaanguka nayo. Si juu. Kimo cha meza mbili.

Alikuja kwangu hospitali saa sita mchana, kwa miguu yake. Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa pili, nimevaa kofia nyeupe najiona daktari mkuu. Alikuwa anacheka. Akaniambia, “Nesi wangu, nipe vidonge, nimegombana na ukuta.” Nikamshika kichwa. Nundu ndogo. Daktari alikuwa chumba cha tatu, mlango wake ulikuwa wazi, nilimwona kwa macho yangu akiandika. Sikutaka kumsumbua kwa nundu. Nikampa kaka yangu vidonge viwili, nikamwambia, “Nenda nyumbani ukalale.”

Alilala. Saa kumi na mbili jioni Mama yako alikwenda kumwamsha, hakuamka.

Sijamwambia mtu. Mama yako hajui kwamba alipita kwangu. Miaka ishirini na mitatu namtumia picha na salamu, naye ananiuliza kama ninakula.

Ndivyo nilivyojua.

Shangazi yako

*

23 Agosti 1986

Shangazi,

Shikamoo.

Nimekaa karibu miezi mitatu bila kukuandikia. Nilipoisoma barua yako mara ya kwanza niliiweka mezani nikaondoka, kama mtu aliyegusa pasi ya moto. Nilikuwa nikikutana na wapaka rangi njiani nageuza uso. Nilikukasirikia, sitaficha. Si kwa vile vidonge viwili. Nilikukasirikia kwa sababu uliniona nakwenda kufanya kazi kwenye bohari yenye rafu za futi kumi na nne, ukaniandikia “hongera,” na neno hili umelikalia.

Lakini kwa mzee nilikwenda, siku mbili kabla ya kamati. Nilimkuta anamenya chungwa. Nikamweleza yote, mpaka ile Jumatatu. Kisu kikasimama. Alinitazama kama ndiyo kwanza ananiona. Akasema, “Kumbe uliweka sahihi juu ya kichwa changu.” Nikamwambia ndiyo. Akasema, “Ondoka kwanza.” Nikaondoka.

Tarehe 13 kwenye kamati walikuwa watu watano. Mkuu akafungua daftari kwa madaha, akawaonyesha sahihi. Niliposimama, mwenyekiti akanisukumia bilauri ya maji. Nikasema, “Sahihi hizo ni zangu na zote ni za uongo.” Mkuu akaruka, “Binti huyu ametishwa na ndugu za mzee!” Nikasema, “Mkuu, daftari ulilifungia wewe kabatini tarehe 27 Machi, mbele ya karani wako. Je, umewahi kunirudishia?” Karani akasema hapana, tangu siku hiyo hajanirudishia, tumepewa jipya. Nikasema, “Basi waheshimiwa tazameni tarehe ya sahihi ya mwisho.”

Mwenyekiti alivaa miwani. Akahesabu kwa vidole. Akamgeukia Mkuu: “Huyu alikagua ngazi siku nne kabla hajaikagua?” Kisha akaniuliza ngazi yenyewe iko wapi. Nikasema ilikatwa kuni. Akauliza kwa amri ya nani. Yule mpakizi aliyepigiwa mluzi, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu Machi, akainua mkono, akamwonyesha Mkuu kwa kidole.

Mzee Kamusi amebaki kazini, anakaa mezani, hapandi. Mkuu ameondolewa. Mimi nimevuliwa usimamizi, sasa napakia katoni na wenzangu, na sijapinga. Zimeletwa ngazi mpya. Hakuna anayepanda na mzigo, kamba imefungwa. Kwa kila futi nne za kimo cha ngazi, mguu wake unavutwa futi moja kutoka ukutani. Anayeshika chini haitiki mluzi wala jina lake. Ukaguzi unafanywa na watu wawili, na wa pili ni mzee mwenyewe. Anapiga magoti, anapapasa kila mguu kwa kiganja. Bado majina ya vitabu hayamjii. Mimi ananisalimu asubuhi, basi. Sidai zaidi.

Sasa la nyumbani. Jana nilimsomea Mama barua yako ya Mei. Nilidhani nitamuua. Nilipofika pale pa “nenda nyumbani ukalale” nilimtazama. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Akasema bila kuinua uso, “Najua. Soma mbele.”

Shangazi, hiyo “najua” yake inatoka wapi? Tangu lini? Nimemuuliza, akaendelea kutia uzi. Asubuhi ya leo ameniomba kalamu, akasema nimwachie nafasi chini ya barua hii, na kwamba nikimaliza nimpe nitoke. Haya, ninampa.

Sijapona hasira yote, lakini bado ni mtoto wako.

*

Wifi,

Mwandiko wangu unaujua ulivyo, vumilia.

Alipofika nyumbani mchana ule aliniambia mlangoni, nesi kasema nilale. Kwa hiyo nilijua siku ile ile. Nikamtandikia. Kabla hajalala alitapika mara mbili. Nikapangusa sakafu, nikasema ni joto. Alikuwa ananiita kwa jina la dada yangu. Nikaona ananitania. Nikafunga dirisha ili asisumbuliwe na kelele, nikarudi kwenye cherehani. Hospitali ilikuwa mwendo wa nusu saa.

Wewe ulimwona anacheka. Mimi nilimwona anatapika.

Msibani ulikuja ukanikumbatia ukilia, nikangoja uniulize: wifi, hakutapika? Hukuniuliza. Nikasema moyoni, huyu ni nesi, anajua, ananisitiri tu. Kila barua yako ikija namwambia mtoto aisome kwa sauti, nasikiliza kama leo ndiyo utaniuliza. Miaka ishirini na mitatu nakuogopa, wifi yangu.

Usijibu kwa barua. Panda gari uje.